Ubuntu mpya inanikatalia moduli za Python, na matokeo ya mock yanatakiwa Ijumaa

#1 Steshenari Mwanga
Wakuu habari za usiku. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Msimu huu kazi inayonilisha ni matokeo ya mock. Shule zinaniletea alama kwenye Excel, programu yangu ya lugha ya Python inachukua masomo saba bora ya kila mtoto, inajumlisha pointi, inatoa divisheni na kupanga nafasi. Niliiandika mwenyewe, jioni baada ya kufunga duka.

Sasa wiki iliyopita diski ilikufa. Fundi akaniwekea nyingine pamoja na Ubuntu 24.04, zamani nilikuwa na 20.04. Nikamwita pip, mwagizaji wa moduli za Python, aniletee zile za kusoma Excel na majedwali kama siku zote, `pip install openpyxl pandas`, ikanimwagia maandishi marefu yanayoanza na `error: externally-managed-environment`. Nimetanguliza sudo, yaani mamlaka ya mkuu wa mfumo, hali ileile. Shule mbili zinataka matokeo Ijumaa. Nani amenifungia kompyuta yangu mwenyewe?

#2 Embe Dodo
Naweka kigoda hapa nisubiri wataalamu. Mimi yaliponikuta nilipiga Windows nikalala.

#3 Kijana wa Gungu
Mkuu mbona hiyo ndogo. Ongeza `--break-system-packages` mwishoni. Imeisha hiyo.

#4 Nyuki wa Sikonge
Kijana wa Gungu, jina lenyewe limeshasema: vunja vifurushi vya mfumo. Ukiuziwa dawa imeandikwa "vunja figo" utameza?

Steshenari, iko hivi. Python iliyokuja na Ubuntu si yako, ni ya Ubuntu. Vitu vyake vingi vya ndani vimeandikwa kwa Python na vinaitegemea hiyohiyo. Mwenye nyumba ni apt, mwagizaji wa vifurushi wa Ubuntu. Miaka yote pip alikuwa akiingia chumbani kwa mwenye nyumba na kuhamisha vyombo, halafu siku apt akitafuta sufuria yake haioni, ugomvi unaanza. Ndipo watu wa Python wakaandika makubaliano yanayoitwa PEP 668: mfumo ukitaka, unaweza kuweka alama mlangoni na pip akiiona anarudi. Debian 12 ya 2023 inayo, Ubuntu inayo tangu 23.04. Ndiyo maana 20.04 yako haikuwahi kukuuliza.

#5 Kijana wa Gungu
Natumia mwaka wa pili sasa, figo zangu zipo.

#6 Mama Ticha Katubuka
Mnazunguka mbuyu. Ni Python 3.12 ndiyo imeleta hayo. Arudi 3.10 yataisha.

#7 Nyuki wa Sikonge
Mwalimu, hapo hapana. Ukiijenga 3.12 mwenyewe kutoka python.org, pip inaingiza bila kelele. Kinachozuia ni faili moja la maandishi linaloitwa `EXTERNALLY-MANAGED`, liko ndani ya `/usr/lib/python3.12`, na aliyeliweka ni Ubuntu. Tena asitokee mtu wa kumshauri alifute.

#8 Kijana wa Gungu
Nilikuwa ndiyo naandika alifute 😂

#9 Reli ya Kati
Mwangaluka ndugu zetu wa mwisho wa reli. Niongezee kwenye hilo la Mama Ticha la "kurudi 3.10", maana limenikuta hapa Tabora, si la kusimuliwa. Niliongeza toleo lingine la Python, nikatumia `update-alternatives` kuielekeza `python3` kwenye hilo jipya. Usiku nikalala fundi. Asubuhi nabofya terminali: kiduara kinazunguka, kinapotea. Nabofya tena, kinazunguka, kinapotea. Kumbe kwenye Ubuntu ile terminali yenyewe inawashwa na kihati cha Python, na hakikulielewa toleo langu. Sasa utarekebishaje bila terminali? Nikaokolewa na Ctrl+Alt+F3.

Jirani yangu ndiye alifunga kazi. Aliandika `apt remove python3`, ikamletea orodha ndefu ya vitakavyoondoka nayo, yeye akabonyeza Y bila kusoma. Ikaondoka na dawati zima. Kilichobaki ni skrini nyeusi na kimstari kinakonyeza.

#10 Steshenari Mwanga
Mmenitisha. Sijafuta chochote. Sasa nifanyeje, maana nimeelewa kwa nini lakini bado sina openpyxl.

#11 Nyuki wa Sikonge
Njia mbili. Ya kwanza, mwombe mwenye nyumba mwenyewe: `sudo apt install python3-openpyxl python3-pandas`. Angalia majina, kwenye apt yanatanguliwa na `python3-`.

Ya pili, jijengee chumba chako, yaani venv, folda yenye moduli zako peke yako. `python3 -m venv mazingira`, kisha `source mazingira/bin/activate`, humo ndani pip utamtumia upendavyo. Ukichafua, unafuta folda, Ubuntu haina habari.

#12 Mzee wa Perl
Vijana, nawasoma toka Ujiji huku nacheka. Lugha yetu ya Perl ilianza 1987, ghala lake la moduli, CPAN, likafunguliwa 1995, na tangu hapo tunagombana hivihivi. Wimbo wetu ulikuwa `Can't locate Spreadsheet/WriteExcel.pm in @INC`, halafu inakutajia kila folda ilikotafuta. Angalau Perl inakuonyesha ilikopita! Python inasema haina, inanyamaza. Na dawa ilikuwa hiyo ya kwanza ya Nyuki: kabla ya kukimbilia CPAN muulize apt. `libspreadsheet-writeexcel-perl`. Jina refu kama treni ya mizigo, ila linafika.

#13 Embe Dodo
Shikamoo mzee. Perl 1987, meli yenu ya Liemba 1915. Watu wa Kigoma mna mapenzi na vya kale.

#14 Mzee wa Perl
Marahaba. Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Usiicheke Perl mapema.

#15 Steshenari Mwanga
Wakuu, nimerudi na kubwa zaidi. Nimefuata namba 11. Njia ya pili imegoma, inasema `ensurepip is not available` na kunitaka niweke `python3-venv` kwa apt. Sawa, nikaanza na `sudo apt update`. Hiyo nayo: `Release file ... is not valid yet (invalid for another 2h 41min ...)`. Yaani faili la kesho au?

#16 Reli ya Kati
Saa ya kompyuta yako iko nyuma. apt anaona faili limetengenezwa wakati ambao kwake bado haujafika, anakataa. Hiyo ni betri ya BIOS, inayotunza saa kompyuta ikizimwa, ile bapa kama sarafu, CR2032. Umeme ukikatika na betri kuu ya laptopu imekufa, saa inapotea. Itoe, nunua nyingine.

#17 Kijana wa Gungu
Ipo nyuma kwa saa za Kizungu au za Kiswahili? Maana fundi wa Kigoma ukimwambia saa mbili asubuhi anaweza akaweka 02:00 😂

#18 Nyuki wa Sikonge
Kijana, ingekuwa hivyo ingekosea saa 6, si karibu na 3.

Reli, betri sikubali moja kwa moja. Ubuntu yako inahifadhi wakati wa mwisho kwenye diski, na ikiwaka na kukuta saa ya BIOS iko nyuma ya hapo inasogeza mbele yenyewe. Betri ikifa ungebaki nyuma kwa muda uliozima kompyuta, labda usiku mzima. Hii ya saa 3 inanuka kitu kingine. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa. BIOS ikiwa na saa ya UTC halafu mtu akaiambia Ubuntu kwamba hiyo ni saa ya hapa nyumbani, utakuwa nyuma saa 3 kamili. Ukitoa hizo 2h 41min unabaki na dakika 19, yaani faili lilitengenezwa dakika 19 kabla hujaandika amri. Inaingia akilini. Steshenari, fundi wako alikuwekea na Windows pembeni?

#19 Steshenari Mwanga
Ndiyo! Ipo Windows pembeni. Nimeandika `timedatectl`, kuna mstari `RTC in local TZ: yes` na mwingine `System clock synchronized: no`.

#20 Reli ya Kati
Haya Nyuki, umeshinda nusu, hiyo `yes` ni kwamba saa ya BIOS imehesabiwa ya hapa nyumbani. Lakini akiwa na intaneti saa inajirekebisha yenyewe mtandaoni. Mbona haikujirekebisha? Hiyo `no` inatoka wapi?

#21 Nyuki wa Sikonge
Huenda mtandao anaotumia unazuia mlango 123 wa UDP, ndiko saa inakopita. Au huduma yenyewe imezimwa. Steshenari, andika `sudo timedatectl set-local-rtc 0` halafu `sudo timedatectl set-ntp true`. Isiposogea, iweke kwa mkono.

#22 Mama Ticha Katubuka
Mkimaliza saa niambieni na mimi. Nilikuwa na kipindi cha kompyuta, tunataka kusoma namba kutoka kwenye mzani kupitia waya wa USB. Kitabu kimeandika `import serial`, nikaandika `pip install serial`, ikaingia vizuri. Programu ikagoma kwa kosa lisiloeleweka. Kipindi kimeisha tunaangaliana. Kumbe inayotakiwa ni `pyserial`, ile `serial` ni kitu kingine kabisa cha mtu mwingine.

#23 Mzee wa Perl
Mwalimu, huo ndio ugonjwa wa Python. Unachoingiza na unachoita havifanani. Unaita `cv2`, dukani inaitwa opencv-python. Unaita `PIL`, dukani ni Pillow. Unaita `bs4`, dukani ni beautifulsoup4. Kwenye Perl jina ni moja, kuanzia dukani hadi jikoni.

#24 Embe Dodo
Mzee hakosi nafasi.

#25 Steshenari Mwanga
Saa imekaa sawa, niliiweka kwa mkono (ile set-ntp haikusogeza kitu). apt update imepita. Lakini `python3-pandas` ikaniorodheshea msururu wa vitu vya kushusha na bando limebaki kidogo, nikasema N. Nikaweka `python3-venv` peke yake. Sasa nataka mazingira yakae kwenye flashi, maana diski ikifa tena nisianze upya. Inasema `[Errno 1] Operation not permitted: 'lib'` na kitu cha `lib64`. Flashi ni mpya, ya GB 32.

#26 Kijana wa Gungu
Hapo ni ruhusa. Tanguliza sudo.

#27 Reli ya Kati
Sudo haitasaidia hata ukiiandika mara kumi. Flashi zinakuja na mpangilio wa FAT32 au exFAT, na huo haujui viungo vya mkato vya Linux. venv ikijengwa inataka `lib64` iwe mkato wa kwenda `lib`. FAT haina uwezo huo, basi. Jenga venv nyumbani kwako kwenye `/home`. Kwenye flashi weka programu yako na orodha ya moduli, yaani `pip freeze > orodha.txt`. Mazingira yanajengwa upya kwa amri moja, kazi yako haijengeki upya.

Na kuhusu pandas: kwani inafanya nini kwenye programu yako? Kama ni kusoma safu na kujumlisha pointi, openpyxl peke yake inatosha, na ni ndogo. pandas na numpy, moduli inayoitegemea, pamoja zinapita MB 25. Tena ukihifadhi alama kama CSV huhitaji hata openpyxl, Python inakuja na moduli ya `csv` tumboni.

#28 Mama Ticha Katubuka
CSV mkuu wa shule hataki hata kuiona. Anataka Excel, divisheni wani kijani, ziro nyekundu, na nembo ya shule juu.

#29 Steshenari Mwanga
Mama Ticha umesema kweli tupu. Bila rangi silipwi.

#30 Mtu wa Kasulu
Mwakeye wakuu. Mimi huku mtandao ukishika ni bahati. Nikianza kushusha numpy inafika katikati, `ReadTimeoutError`, inaanza mwanzo, bando linaisha. Naombeni njia ya kubeba na flashi.

#31 Nyuki wa Sikonge
Mwenye mtandao mjini aandike `pip download openpyxl -d moduli`. Folda hiyo ikija kwako, ndani ya venv andika `pip install --no-index --find-links=moduli openpyxl`. Haitagusa intaneti.

Ila soma jina la faili kabla hujalipakia kwenye basi. openpyxl mwishoni imeandikwa `none-any`, hiyo inaingia popote. numpy ni kama `numpy-1.26.4-cp312-cp312-manylinux...x86_64.whl`. Hiyo `cp312` ni Python 3.12 tu. Kama wewe una Ubuntu 22.04 una 3.10, na itakukataa baada ya kusafiri njia yote hiyo.

Na kama ni kasi tu, ongeza `--timeout 100`.

#32 Embe Dodo
Yangu ni ya zamani, biti 32, Debian. Siku moja niliacha pip inaingiza pandas nikaenda sokoni. Nimerudi feni inalia, laptopu unaweza kukaangia yai, na mwishoni neno moja: `Killed`. Si ndiyo nikapiga Windows.

#33 Reli ya Kati
Kwa biti 32 numpy waliacha kutoa zilizojengwa tayari, kwa hiyo mashine yako ilikuwa inaijenga toka msimbo asilia. RAM ikaisha, Linux ikamuua anayekula zaidi. Ungeweka `python3-pandas` ya apt tu, ilikuwa imeshajengwa. Embe Dodo, ulihamia Windows kwa kosa la kukosa subira 😂

#34 Embe Dodo
Kwa kosa la kukosa RAM.

#35 Steshenari Mwanga
Nimejenga venv nyumbani, `pip install openpyxl` imesema `Successfully installed`. Nikashangilia mpaka mteja wa fotokopi akaniuliza kuna nini. Nikabadilisha jina la folda kutoka `mazingira` kuwa `mock` ikae vizuri, nikawasha, nikaandika `sudo python3 matokeo.py`, nayo: `ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl'`. Wakuu, nimeiona kwa macho yangu ikiingia.

#36 Nyuki wa Sikonge
Umebadilisha jina la folda! Ndani ya `bin/activate` njia imeandikwa kamili, `/home/wewe/mazingira`. Ukiwasha inaelekeza kwenye folda isiyokuwepo, Linux haikuti kitu inachukua Python ya mfumo. venv haihamishwi. Futa, jenga upya kwa jina unalolitaka.

#37 Reli ya Kati
Nyuki, kabla hujafika huko, hiyo sudo umeiona? sudo haibebi mazingira yako. Inaanza na njia zake yenyewe, inachukua `/usr/bin/python3`. Hata folda ingebaki na jina lake angepata kosa hilohilo. Steshenari, sudo ya nini kwenye kuhesabu alama za watoto?

#38 Steshenari Mwanga
Mazoea tu mkuu. Naitanguliza kama bismillahi.

#39 Mama Ticha Katubuka
Mimi nasema ni jina la faili. Mwanafunzi wangu alihifadhi zoezi lake kwa jina `openpyxl.py`, Python ikawa inaliita hilo badala ya moduli.

#40 Kijana wa Gungu
Mwalimu, leo nakukosoa mimi. Ikiwa hivyo haisemi "No module named". Faili inaliona, ila inakosa kitu ndani yake, inalalamika `cannot import name` na habari za `partially initialized module`. Na Nyuki pia: kama ni folda, akijaribu pip tena lile la `externally-managed` lingerudi, kwa sababu atakuwa kwa mwenye nyumba tena. Steshenari, jaribu tuone.

#41 Nyuki wa Sikonge
Kijana wa Gungu wa namba 3 na huyu ni mtu mmoja kweli?

#42 Mzee wa Perl
Acheni kubashiri. Aandike `python3 -c "import sys; print(sys.path)"` mara moja bila sudo, mara ya pili na sudo, atubandikie. Hiyo ndiyo @INC yenu.

#43 Steshenari Mwanga
Wakuu naomba radhi, sikusubiri. Muda ulikuwa unakimbia. Nimefuta folda nikajenga upya kwa jina la `mock`, nikaacha sudo, na jina la programu nimelibadilisha kuwa `mock2.py` kwa usalama. Imekubali. Wanafunzi 214, sekunde chache, kijani na nyekundu mahali pake. Shule ya kwanza wamechukua. Asanteni sana.

#44 Reli ya Kati
Umefanya vitatu kwa mpigo, sasa hatutajua kamwe. Ila ni sudo.

#45 Nyuki wa Sikonge
Ni folda.

#46 Mama Ticha Katubuka
Steshenari, mtoto wa pointi 17 amepata wani au two? Mwaka jana programu ya mtu fulani iliniharibia, ikaanzia two kwenye 17 badala ya 18. Wazazi walinijia na mwavuli.

#47 Steshenari Mwanga
Wani mwalimu. 7 mpaka 17, nimehakiki.

#48 Mtu wa Kasulu
Wakuu, flashi imefika na basi la mchana, `none-any` kama mlivyosema, imeingia. Folda sijabadilisha jina, sudo sijatumia, saa iko sawa, faili linaitwa `ada.py`. Na bado: `No module named 'openpyxl'`.

#49 Nyuki wa Sikonge
Unaiendeshea wapi, terminali au VS Code, kile kihariri cha programu? Tubandikie jibu la `which python3`.

#50 Mtu wa Kasulu
VS Code. Subiri nifungue terminali.

#51 Mtu wa Kasulu
Umeme umekata. Kesho wakuu, naandika na simu.